Beringi Mbili za Safari ya Mamamkwe

Kisimba alikuwa akibeba mizigo ya watu kwa moto, yaani pikipiki, katika mitaa ya Manika, mjini Kolwezi. Hakuogopa matope, hakuogopa askari wa barabarani, na mbwa wa watu aliwapigia kelele kabla hawajamwanza yeye. Aliyemwogopa ni mamamkwe wake, Mama Mbombo wa Kasulo, mama mpole ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti.

Lililomtisha lilikuwa bukwe. Kwao Kisimba, mkwe hamgusi mama aliyemzaa mke wake, hamkazii macho, wala hasemi naye moja kwa moja. Neno lao lazima lipite kwa mtu wa tatu. Kwa hiyo akimwona mbele, Kisimba aligeuza moto na kuzunguka mtaa mzima. Siku moja alichelewa kugeuza, akajibanza nyuma ya lori la mchanga. Lori likaondoka. Akabaki amechuchumaa katikati ya barabara, na Mama Mbombo akapita akiyatazama mawingu, maana naye alilelewa vizuri.

Sasa mvua zilikuwa zimeharibu njia ya Kisenge. Malori yalikwama, mabasi madogo yakaacha kwenda, na huko Kisenge, Agnès, mdogo wake Mama Mbombo, alikuwa kitandani hali yake ikizidi kuwa mbaya. Mama Mbombo alimtuma binti yake, Mwadi, amuulize mumewe kama ile moto yake inaweza kufika.

Ilikuwa moto ndefu, yenye matairi ya meno, ya kupita kwenye lami na porini vilevile. Kama kuna kitu Kolwezi nzima kingefika Kisenge, ni hiyo. Tangu aoe, Kisimba hakuwahi kuombwa kitu na mama huyo. Alifurahi mno, akataka safari hii iende bila doa lolote. Yeye mwenyewe asingeendesha, bukwe ingemkataza. Rafiki yake Gracien, dereva wa taxi-moto, alikubali kumpeleka mama alfajiri ya kesho yake.

Asubuhi ya siku ya kabla ya safari Kisimba aliinua moto juu ya kreti, akalishika gurudumu la mbele juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Akalizungusha huku kiganja kimelala kwenye uma wa mbele, akahisi mkwaruzo mdogo, kama mtu anayetafuna wali wenye mchanga. Beringi zilikuwa zimekwisha. Moto yenye beringi mbovu inaweza kukufikisha sokoni miezi mitatu bila kulalamika, halafu ikakutupa mtaroni siku umembeba mama wa mke wako. Kisimba alitoka jasho kwa kulifikiria tu.

Alilifungua gurudumu, akaingiza nondo upande huu na kugonga beringi ya upande wa pili, kidogo huku, kidogo kule, mpaka ikatoka, na ya pili vilevile, akazitia mfukoni. Mpya alikuwa amezinunua tangu jana yake kwa tahadhari na kuzifunga kwenye sachet nyeusi ya plastiki, akaziweka ndani ya friza ambamo Mwadi huhifadhi samaki wa biashara. Hiyo ndiyo njia yake ya kazi: beringi ilale kwenye baridi isinyae, kitovu cha gurudumu kikae karibu na mbabula ya makaa kipanuke, halafu viwili hivyo vikutane bila ugomvi. Umeme ulikuwapo tangu jana, naye akaona hata mbingu ziko upande wake.

Kitovu kilipopata joto la kutosha, alifungua friza. Akakuta sachet nyeusi, akaifungua kwa haraka, akatazamana na samaki wawili wenye macho ya barafu.

Akampigia simu Mwadi, aliyekuwa sokoni.

"Mwadi, mi nilitia roulement ya moto mu friza. Iko wapi?"

Mwadi alisogea kando na wateja.

"Ile sachet ya juu? Nilituma ile ku mama asubui, akaange samaki ya njia," akasema. "Nilisikia iko nzito, nikasema, leo mama atakula muzuri."

Gracien alimbeba Kisimba mpaka Kasulo mbio mbio, wakikwepa mashimo ya kobalti ambayo watu walichimba chini ya nyumba zao wenyewe. Walipofika, nyimbo zilikuwa zinasikika kabla nyumba haijaonekana. Kikundi cha maombi kilikuwa kimejaa uani, kimeitwa kukemea uchawi uliotoka ndani ya sachet.

Kisimba hangeweza kuingia. Alisimama nje ya ukuta wa matofali, akachungulia penye tofali lililovunjika. Juu ya kigoda palikuwa na sahani, na juu ya sahani beringi zake mbili, zikimeta kwa grisi, zimenyunyiziwa maji na chumvi. Kando ya kigoda lilikuwa shimo la zamani ambalo marehemu baba mkwe alichimba, refu hivi kwamba jiwe likitupwa humo unaweza kuanza shughuli nyingine ukingoja mlio wake. Kisimba hakulijali shimo kwanza. Aliiona ile chumvi, na moyo wake ukauma kweli, kwa sababu chumvi na beringi ni maadui wa siku nyingi.

Mama Marlène, kiongozi wa maombi, ndiye aliyekuwa akieleza.

"Hii kitu inazunguka yenyewe," alisema. "Iko na mafuta ndani, iko na namba. Nilitafuta hii namba mu Zaburi, haiko. Tutupe mu shimo."

Gracien alichungulia naye, akasikia, akarudi kwenye moto yake.

"Kaka, mi niko na batoto," akasema. "Kesho tafuta mutu mwingine." Akaondoka hata bila kuaga vizuri.

Kisimba alikohoa kwa nguvu nyuma ya ukuta, akageuza uso upande wa barabara kama heshima inavyotaka.

"Mama Marlène," akaita, "muambie mama, ile kitu haiko dawa. Iko roulement ya moto."

"Anasema iko roulement," Mama Marlène akamwambia Mama Mbombo, aliyekuwa hatua mbili kutoka kwenye ukuta huohuo.

"Minasikia," akasema Mama Mbombo. "Muulize juu ya nini anaficha roulement mu samaki."

"Anauliza juu ya nini..."

"Minasikia, mama," Kisimba akamkatiza. "Muambie ni juu ya baridi. Ikikamatwa na baridi inakuwa kiloko, inaingia muzuri mu gurudumu."

Hilo halikusaidia. Kitu cha chuma kinachozunguka chenyewe na kinachokuwa kidogo kwa baridi kiliwatia akina mama hofu mpya, mmoja akaanza wimbo upya. Mama Marlène akainua sahani kuelekea shimo.

Kisimba akatoa mfukoni beringi moja ya zamani, akaipenyeza kwenye tofali lililovunjika.

"Muambie mama atie kidole mu hii ya zamani, azungushe. Kisha azungushe mupya."

Ndani ya ua ukasikika mlio wa chuma kikikwaruza mchanga. Kisha hapakuwa na mlio wowote, kwa kuwa beringi nzuri haisemi kitu. Ikakwaruza tena ile ya zamani, ikanyamaza tena ile mpya. Mama Mbombo alirudia mara kadhaa, na wimbo ukakatika.

"Muulize," akasema mwishowe, "hii yenye kulia, ilikuwa mu gurudumu ile mi nitapandia?"

"Muambie ndiyo, mama. Njo maana niliitosha mu gurudumu. Sikutaka ikuangushe mu njia."

Kwa wasiwasi alikuwa amesema naye moja kwa moja. Hakuna aliyemrekebisha. Baada ya muda sahani ilipitishwa juu ya ukuta, beringi zimepanguswa kavu kwa kitambaa cha kichwa.

Nyumbani alizikagua mpaka akaridhika kwamba maji hayakupita vifuniko. Zikarudi kwenye friza, safari hii na Mwadi akiwa mlinzi wa mlango. Kisha akazipachika, akigonga ukingo wa nje tu, beringi kuukuu ikiwa juu yake ipokee nyundo, kwa sababu ukigonga pete ya ndani unaiua beringi kabla haijatembea. Gurudumu likazunguka kimya. Sasa mtu wa kuendesha ndiye aliyekosekana. Habari za dawa inayozunguka zilikuwa zimeenea kwa madereva wote wa Manika, na kila aliyepigiwa simu alikuwa na msiba.

Mwadi alimpigia mama yake kumweleza. Alisikiliza jibu, akamtazama mumewe kwa mshangao.

"Mama anasema utamupeleka weye. Anasema utie valizi katikati."

Basi alfajiri waliondoka hivyo: Kisimba mbele amekaza shingo kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, valizi ya nguo imesimama katikati, na Mama Mbombo nyuma ameikumbatia. Walipita Mutshatsha bila kusemezana. Mbele yake kulikuwa na kilima cha tope jekundu, na hapo moto ikaanza kucheza nyuma kama samaki. Gurudumu la mbele ndilo peke yake lililojua linakokwenda. Valizi ikachomoka, ikateremka mtaroni, na mikono miwili ikamzunguka Kisimba kiunoni kwa nguvu za mtu anayetaka kuishi. Hakusimama kuiokota. Ukisimama kwenye kilima kile, unalala hapo.

Walifika Kisenge wakiwa rangi moja tangu kichwani hadi miguuni. Agnès alikuwa hai. Alikuwa kwenye chumba kimoja chenye giza, amekonda, na jirani aliyemtunza alisema kuwa tangu juzi analilia jua, ila hakuna wa kumbeba. Kisimba alibaki mlangoni, uso kwenye ukuta.

Mama Mbombo alijaribu kumwinua mdogo wake, akashindwa. Akajaribu tena.

"Kisimba," akaita. "Kuja. Mi peke yangu siwezi."

Akaingia. Mmoja akapitisha mkono mmoja chini ya mabega, mwingine chini ya magoti, na katikati, chini ya mgongo wa mgonjwa, mikono yao ikashikana barabara, kwa sababu bila hivyo angeanguka. Wakatoka naye polepole.

Agnès aliwatazama, huyu na huyu, matope kwa matope.

"Yaya," akamwambia dada yake kwa sauti ndogo, "na bukwe?"

"Ilianguka mu njia," akasema Mama Mbombo. "Ilikuwa mu valizi."

Agnès alicheka mpaka akakohoa, nao wakasimama pale juani wakimngoja amalize, wamemshika wote wawili.