Nyoka Kamkataa Panya, Mke Yuko Kigombe

Admin, ficha jina langu, maana Tanga tunajuana.

Nawatangazia rasmi wafuasi wote wa ukurasa huu, wakubwa kwa wadogo, kwamba leo Jumanne, saa kumi na mbili jioni, nyoka wangu amekataa panya kwa mara ya sita. Panya alikuwa mweupe, amekufa vizuri, amepashwa kwenye maji ya moto. Nyoka alimnusa, akageuza kichwa, akarudi chini ya chungu chake. Najua kwenu hiyo si habari. Kwangu mimi ni ndoa.

Nina miaka arobaini na mitatu, ni fundi friji, ufundi wa kujifunza mwenyewe kwa kufungua zilizokufa. Nimeoa miaka tisa, hatukujaaliwa mtoto. Kama miezi miwili iliyopita mteja wangu mmoja, mgeni wa kutoka nje, alirudi kwao ghafla kumuuguza mama yake. Alikuwa na nyoka mwenye karatasi zake zote, chatu wa asili ya Australia. Kwao wanamwita chatu zulia, kwa yale mapambo ya mgongoni. Hana sumu, unene wake kama mkono wangu. "Fundi, wewe ndiye unayejua mambo ya joto na baridi," akaniambia. "Nitunzie miezi mitatu tu." Nikasifiwa, nikakubali.

Nilichukua friji ya kioo ya kuuzia soda, iliyokufa, nikaitoboa matundu ya hewa, nikafunga globu na themostati. Upande mmoja joto, wa pili ubaridi, achague mwenyewe. Beseni la maji, chungu cha kujifichia, tawi la mpera la kupandia. Hakuna friji mjini hapa iliyowahi kufanya kazi vizuri kama ile tangu ilipoacha kuwa friji.

Mteja aliniachia daftari. Ukurasa wa kwanza kabisa: wiki ya kwanza asiguswe, kioo kifunikwe kitambaa, watu wasimsumbue, la sivyo atagoma kula.

Sasa wiki hiyohiyo mke wangu, tumwite Mwanaisha, alipimwa akakutwa na mimba ya miezi miwili. Baada ya miaka tisa! Nililia jikoni kama mtoto. Lakini mtaa nao ulikuwa na hesabu zake: nyoka na mimba, nyumba moja, wiki moja. Basi fundi kaenda kwa mganga, kapewa mtoto, na huyo nyoka ndiye mwenye mtoto.

Ningekanusha siku ileile. Sikukanusha, na hapa ndipo ninapoona aibu. Jirani yangu mmoja, mama ambaye tumegombana miaka kwenye bomba la maji, alinipisha kwenye foleni ya ndoo. "Pita fundi, pita baba, sisi hatuna haraka." Mzee aliyenizidi miaka ishirini akanipa shikamoo. Jamani, msiombe kupewa shikamoo na mzee, inalevya. Waliponiuliza, "Ni kweli tunayoyasikia?" nilitabasamu nikasema, "Kila mtu na siri zake." Kisha nikawafunulia kitambaa wajionee. Wiki nzima watu wanagonga kioo. Nyoka akagoma kula, kama daftari lilivyosema.

Na alipogoma, mtaa ukapata jibu: panya hamtaki kwa sababu anangoja chake, yaani mtoto.

Habari zilifika Kigombe kwa mama mkwe kabla sijamaliza kutabasamu. Akaja, hakuvua hata baibui.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Yuko wapi mwenye nyumba?"

"Mama, mwenye nyumba si mimi?"

"Wewe baba nakujua, ni mpangaji. Namuulizia wa kwenye friji."

Nikamwambia ni mnyama tu. Nikamwonyesha karatasi. Nikamwambia mimba ilitangulia, nyoka kaja baadaye.

"Nani kakwambia hao wanafuata kalenda?"

"Basi namuua leo."

"Umuue, mjukuu wangu aondoke naye?"

"Nimpe mtu."

"Utakuwa umempa na mtoto. Hauawi huyo, wala hatolewi. Siku akifa kifo chake, mwanangu atarudi."

Mwanaisha alikuwa amesimama mlangoni na begi. Yeye ndiye aliyekuwa akifuta kile kioo kila asubuhi. Akaniambia taratibu, "Ungesema tu, fundi. Ulipokuwa unacheka nao, mimi nilikuwa naogopa."

Sasa hunipigia simu kwa kunong'ona. "Amekula?" "Bado." Simu inakatika. Nyoka angekula hata panya mmoja, angalau Mwanaisha angepata neno la kumwambia mama yake. Mtaani nimewaeleza ukweli wote, wananicheka: "Fundi bwana, si ulisema kila mtu na siri zake?" Nilifikiria kumwachia msitu wa Amani, mjuzi mmoja wa mambo ya wanyama akanionya ni kosa, si nyoka wa huku. Na mteja ameandika kwamba harudi tena, eti anashukuru nyoka amepata nyumba nzuri.

Jana nilifanya jambo baya. Nilikaa mbele ya ile friji nikawaza: nikiziba matundu, nikijaza gesi, kompresa ikafanya kazi yake ya zamani ya kugandisha, kesho atakutwa amekufa, na nani atajua si kifo chake? Kazi ya nusu saa. Mtungi wa gesi nilishaushika. Yeye akatoa kichwa chunguni, akaweka kidevu juu ya tawi, akatulia. Nikarudisha mtungi, nikapima joto, nikambadilishia maji.

Mtoto wangu wa kwanza atazaliwa Kigombe, nami nitapiga hodi kama mgeni. Nimechoka, silali, kazi haziendi. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Ila wale mtakaoniambia nivute subira hadi afe mwenyewe, nimeshaulizia. Huishi miaka ishirini na zaidi. Huyu ana miwili.