Vioo Sita Visivyo na Majina

Siku yangu ya kwanza ya uuguzi, pale zahanati, Matroni alinikabidhi kijiti cha mbao, kipande cha kioo na kopo la spiriti, akasimama nyuma yangu ananitazama mikono. Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Unakwangua taratibu mlango wa kizazi wa mama, unapaka ute ule kwenye kioo, unakizamisha kwenye spiriti kabla hakijakauka, kisha kinakwenda maabara kutazamwa kwa darubini kama kuna chembe hai za mwili zilizoanza kuharibika. "Jina la mama unaliandika kwa penseli, pale kioo kilipokwaruzwa," alisema Matroni. "Usiniulize kwa nini. Andika." Sikuuliza. Nyie vijana mngeuliza, ndiyo maana nawaandikia.

Hatukujua mengi enzi hizo. Kwamba saratani ya mlango wa kizazi huletwa na kirusi cha papiloma, kinachopita kwa kujamiiana na kukaa kimya mwilini miaka na miaka, nilikuja kusikia baadaye. Tulijua tu kwamba ukiziona chembe mapema mama anapona, na ukichelewa unamzika.

Serikali iliporuhusu tena hospitali za watu binafsi, niliacha zahanati nikaajiriwa kliniki moja mtaa wa Mchafukoge, juu ya duka la vitambaa. Mwenye kliniki alikuwa daktari wa Kihindi, mzaliwa wa Upanga, mpole ila mwoga wa kusemwa vibaya. Kariakoo ilikuwa imefurika bidhaa, na sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tuliona kila kipya ni bora. Nikanunua maka, kalamu nene nyeusi, nikaandika majina ya wanawake sita kwenye vioo kwa mwandiko wa kujivunia. Nikavizamisha, mjumbe akavichukua na kopo lake. Sasa sikilizeni: spiriti huyeyusha wino wa maka. Penseli haiigusi.

Majibu yalirudi: vioo sita, hakuna hata kimoja chenye jina, vitano safi, kimoja kina chembe mbaya.

"Sista, huyu mmoja ni nani?" Daktari aliniuliza.

"Sijui, Daktari."

"Chembe zake zimebadilika sana. Huyu si wa kusubiri. Waite wote tuwapime upya. Waambie vioo vilivunjika njiani."

Nikakubali. Kosa lilikuwa langu, na uongo ule ulinisitiri.

Watano walikuja, tukawapima, wote salama. Basi mgonjwa alikuwa wa sita, Mama Doreen, Mchagga muuza vitenge kwa jumla. Anwani yake kwenye daftari ilikuwa "duka la vitenge, Kariakoo", kana kwamba lipo moja. Nilizunguka siku mbili. Nilimkuta anafunga mabegi, kesho yake anaruka kwenda Dubai kufuata mzigo.

"Kioo chako kilivunjika, Mama Doreen. Tunaomba urudi tukupime."

"Nikirudi safari, sista. Mlisema kukiwa na tatizo mtaniita mapema, na mwezi umepita."

"Unarudi lini?"

"Nikitoka huko napitia Moshi, mama yangu anaumwa. Miezi mitatu, minne hivi."

Niliaga. Nilifika mlangoni, nikarudi.

"Mama Doreen, nimekudanganya. Hakuna kilichovunjika. Niliandika majina kwa wino, yakafutika. Mlikuwa sita. Mmoja ana chembe zinazoelekea saratani, na wenzako watano nimeshawapima, wako salama."

Akakaa juu ya robota la vitenge. "Kwa hiyo ni mimi."

"Ni wewe. Na inatibika, tukienda leo."

Alinitukana matusi nisiyoweza kuyaandika hapa, na nilistahili. Kisha akavuta mlango wa chuma, akafunga duka mchana kweupe, akasema, "Twende."

Hospitalini walimkata kipande kidogo cha mlango wa kizazi. Tulisubiri wiki tatu kujua kama kingo za nyama ile zina ugonjwa, maana zikiwa nao umebaki mwilini. Siku zote hizo hakunisemesha. Daktari wa hospitalini aliposoma kwamba kingo ni safi, nilikaa sakafuni na sare yangu nyeupe, nikashukuru Mungu kwa sauti. Mama Doreen akanitazama. "Haya, inuka. Sasa kawaambie na wale watano ulivyowadanganya." Nilikwenda, mmoja mmoja. Daktari wetu wa kliniki alininunia wiki nzima, halafu akaniletea boksi la penseli.

Nimestaafu sasa. Siku hizi wanapima kirusi chenyewe, na wasichana wanachanjwa kabla hakijawafikia. Nawaonea wivu wauguzi wa leo, lakini moyo wangu umetulia kweli kweli. Juzi Mama Doreen alinipigia simu, bila salamu kama kawaida yake.

"Sista, mjukuu wangu kachanjwa leo shuleni. Amelia kidogo tu."

"Na wewe?"

"Mimi nimelia mpaka mwalimu akaniletea kiti."