Kapsuli Iliyochinjwa

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa milango, dawa ziliingia Kariakoo kama mitumba, kila wiki boksi jipya na kila boksi na lugha yake. Mimi nilikuwa muuzaji kwenye duka la dawa la Mhindi mmoja asiyekula nyama. Nilijiona nusu daktari.

Mama akapata kichomi. Daktari akamwandikia kapsuli, zile za rangi mbili. Nikampelekea chumbani kwetu, mtaa wa Gerezani, akaishika moja, akaigeuza.

"Hili ganda la nini?"

"La dawa, mama. Meza."

"Nimesikia msikitini yanatengenezwa kwa nguruwe. Simezi."

Wallahi nilitamani kulia. Homa inamchemsha, kila akivuta pumzi anashika ubavu, na bado anahoji ganda! Mkaguzi wa dawa alipopita dukani nikamuuliza kama ganda lile ni halali. Akacheka. "Dada, sheria inatutaka tuangalie usajili na tarehe ya kuisha. Halali haimo. Nenda kwa shehe." Shehe naye akasema nimuulize mwenye kiwanda, na mwenye kiwanda yuko ng'ambo huko!

Basi, sheria nikaitunga mwenyewe. Nilibandua kibandiko cha halali kwenye pakiti ya kuku wa friji, nikakibandika kwenye boksi la dawa, kikakaa vizuri kabisa. Nikampelekea mama kwa madaha.

Akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Halali. Amechinjwa Kiislamu." Akanikazia macho. "Haya, nionyeshe shingo yake."

Nikacheka, naye akacheka, kikohozi kikamkamata mpaka nikaogopa.

Nilimweleza bosi kila kitu nikijua nafukuzwa. Kumbe na yeye kapsuli hamezi, anahofia ganda limetokana na ng'ombe! Akanifokea kwa kile kibandiko, kisha akatoa chupa za dawa ya maji ya watoto, yenye ladha ya ndizi, akampigia daktari simu kuuliza mtu mzima anywe vijiko vingapi. Mama alikunywa huku amekunja uso. Hazikupita wiki mbili, alikuwa anagombana na muuza mchicha kama kawaida yake.

Siku hiyo nikamchokoza. "Mama, si ungemeza tu? Hukujua, Mungu angekusamehe."

"Mimi angenisamehe," akasema. "Na wewe uliyebandika? Nipone mimi, uungue wewe?"