Damu ya Mdogo Wangu

Natamani kusikia viatu vya mdogo wangu. Kule nyumbani Itaka alikuwa akipita mbio nyuma ya nyumba alfajiri, akielekea Hasamba katikati ya mibuni, na mbwa wote wa kitongoji wakibweka kama wameona chui. Nilikuwa namlaani kimoyomoyo kwa kuniamsha. Sasa nimeolewa Tunduma, na bado naamka saa zile zile nikatega sikio.

Alikuwa mwanariadha hasa, wa kupanda ndege kwenda kushindana. Ndiyo maana wapimaji wa riadha walimfuata mara kwa mara kumtoa damu. Hawakuwa wakitafuta dawa za kuongeza nguvu tu. Walilinganisha damu yake ya leo na yake mwenyewe ya zamani: chembe nyekundu zina wingi gani, na ngapi kati yake ni changa. Wapo wanaotoa damu wakaihifadhi, warudishiwe mashindano yakikaribia, wapate pumzi zaidi kwa hila. Mtu akitoa hivyo chembe hupungua, kisha mwili huanza kutengeneza changa kwa wingi, na kipimo huona.

Mwaka jana nilijifungua kwa shida, nikavuja damu nusura nife. Hospitali ikawaambia ndugu wachangie. Mdogo wangu alikuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Baadaye nesi alinieleza kuwa damu yake ilikwenda akiba, mimi nikaongezewa ya mtu nisiyemjua. Kwangu ni yale yale, ni yeye aliyeniokoa.

Sasa kwetu, ukimpa ndugu yako kitu kikubwa namna hiyo, husemi. Ukisema umemsimanga. Mama alituita akasema jambo lile liishie pale pale wodini, nasi tukaitika.

Wiki chache baadaye wapimaji wakaja. Kabla ya sindano huuliza: umechangia au kupoteza damu siku za karibuni? Mdogo wangu, mtoto wa mama yake kweli kweli, akajibu, "Hapana."

Majibu yakatoka. Chembe zimepungua, changa zimejaa, na mwenyewe kasema hakutoa damu. Wataalamu wakaona mtu aliyeficha damu yake mahali. Akaitwa ajieleze, akanyamaza, mjinga yule, huku mashindano aliyoyasubiri miaka yote yakimpita. Niliposikia nilipandwa na hasira. Nikambeba mtoto mgongoni mpaka hospitali, nikaomba wawaeleze wale wapimaji ukweli. Wakaeleza, na jina lake likasafishwa.

Mama alininunia muda mrefu. Hilo nililizoea. Kilichoniumiza ni kwamba mdogo wangu hakurudi kukimbia. Alivuka mpaka kwenda Nakonde kwa shangazi, akaanza kuuza mahindi sokoni.

Juzi nilimpigia simu. Nikamwambia miguu bado anayo, aje nyumbani aanze mazoezi.

"Nikianza watanitoa damu tena, dada. Watailinganisha na ile, watauliza tena. Na wewe utatajwa tena."

"Nitajwe! Nitajwe hata redioni! Mimi nakutaka barabarani, sikutaki sokoni."

Alicheka kidogo. "Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Ameshaanza kutembea."

"Basi, dada. Mimi hiyo inanitosha."

Mimi hainitoshi.