Nilibakiza Enter tu nifute sauti ya baba: kisa changu na keyring ya Linux

Wakuu heshima kwenu, na wakubwa wote humu shikamooni.

Hiki kisa ni changu mwenyewe, sijahadithiwa. Kuna sehemu najionea aibu ila nitaiandika hivyo hivyo, maana huenda kuna mtu sasa hivi yuko mbele ya laptop anataka kufanya ujinga niliotaka kuufanya mimi.

Baba yangu yuko Kondoa. Yupo hai, Alhamdulillah, lakini tangu apate kiharusi haongei. Anasikia, anaelewa, anacheka, ila maneno hayatoki.

Zamani alikuwa mtu wa voice notes balaa. Unaamka unakuta tano: za mbuzi, za alizeti, za kunigombeza kwa nini sijampigia mama.

Simu iliyokuwa nazo niliibiwa. Zikabaki sehemu moja tu, kwenye app ya meseji ndani ya laptop yangu inayotumia mfumo wa Linux. Backup sikuwa nayo. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha.

Sasa kibodi ya laptop ikaanza kusumbua. Vumbi la Dodoma mnalijua. Spacebar ikagoma, na herufi kadhaa. Nikaipeleka Kizota kwa fundi anaitwa Ndahani, akabadilisha kibodi nzima.

Akaniambia, "Kaka, ingia kabisa hapa hapa tuhakikishe."

Nikamjibu nina haraka, natakiwa kazini Mtumba. Nikabeba mashine nikaondoka.

Jioni nyumbani, mtaa wa Kikuyu, naweka password, inakataa. Narudia taratibu, inakataa. Nikahitimisha hapo hapo kwamba fundi kaniharibia mashine.

Linux naijua kidogo, ile ya kujifunza mtandaoni. Nikaingia recovery mode, ile njia ya dharura ya kuwasha mashine bila password, nikaweka password mpya, ikafunguka. Nikajiona mtaalamu.

Nafungua app ya meseji, kinatokea kidirisha kinadai password ya keyring. Naweka mpya, hola. Ya zamani, hola. App ikasema haiwezi kusoma data zake, ikajifunga.

Kwa wasioijua, keyring ni kisanduku ambacho Linux inatunzia siri za apps. Kwa kawaida kinafunguka chenyewe kwa password ile ile unayoingilia. Mimi nilipopita recovery mode nilibadilisha kufuli la mlango tu, kisanduku kikabaki na ufunguo wake wa zamani.

Nikagoogle. Karibu kila jibu linasema futa folder la keyrings, litajitengeneza upya. Nikaandika command ya kufuta. Imebaki Enter.

Nikasema kabla ya yote ngoja nimpigie Ndahani nimpe vidonge vyake. Wakuu, hasira hizo ndizo zilizoniokoa, na si jambo la kujivunia.

Nikafoka mpaka nikachoka, nikamwambia na habari ya sauti za baba na kile kidirisha cha keyring. Akauliza, "Umefuta kitu?"

"Bado."

"Basi usifute, kaka. Ukifuta hicho kisanduku, ufunguo wa meseji umeenda nacho. Copy hilo folder weka kwenye flash, kesho uje."

Kesho yake, Jumamosi, nikawa mteja wa kwanza. Ndahani ana daftari. Kila kifaa kinachoingia anakijaribu kwanza, kitufe kimoja kimoja, anaandika ubovu aliokikuta nao ili mteja asije akamsingizia. Mteja kama mimi, yaani.

Akafungua ukurasa wangu. "Spacebar. M. B. Na nane. Nane yako ilikuwa imekufa kabisa." Akaniangalia. "Password yako ina nane?"

Ilikuwa nazo mbili, mwishoni.

Kumbe siku natengeneza ile password, nane ilishakufa bila mimi kujua. Nilibonyeza, haikuandika, na kwa haraka zangu sikuhesabu zile nukta zinazotokea badala ya herufi. Miezi yote ile password yangu halisi haikuwa na nane hata moja. Kibodi mpya ikaanza kuziandika, mashine ikakataa. Fundi wa watu hakuwa na kosa lolote.

"Andika bila nane," akasema.

Nikaandika. Kisanduku kikafunguka. App ikafunguka. Baba yumo, voice notes zote.

Akanionyesha program inaitwa Passwords and Keys: right click kwenye Login, Change Password, weka password yako ya sasa. Tangu siku hiyo kile kidirisha hakijarudi.

Nikamwomba msamaha mbele ya wateja wake. Akacheka tu, "Yaishe kaka."

Nilichojifunza: kabla ya kufuta, nakili. Ukitengenezewa kitu, kijaribu mbele ya fundi. Na ukitaka kumlaumu mtu, jikague kwanza. Ndahani najua humu huingii, lakini Mungu akuzidishie, sina cha kukulipa.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kondoa na binti yangu wa miaka mitatu. Hajawahi kumsikia babu yake akiongea. Nikaweka voice note moja, baba anagomba kwamba mbuzi wameingia kwenye alizeti ya jirani na hakuna anayejali. Mama akacheka mpaka machozi.

Binti akauliza, "Nani huyo anagomba?"

Baba akainua mkono wake usiopooza, akajipiga kifuani.

Wakuu, mnaojua namna nzuri ya kuzitoa hizi sauti nizitunze sehemu zaidi ya moja, tiririkeni hapo chini. Safari hii nasoma kila jibu mpaka mwisho kabla ya kugusa kitu.