Neno la Mwisho Kwenye Foleni

Nakumbuka alasiri moja ya kiangazi, nikiwa kijana huku milimani juu ya Same, nimesimama shambani na jembe nikingoja maji. Juu kwenye ndiva, lile bwawa letu la kugawana maji, zamu ya lango ilikuwa ya kaka yangu Elinami. Desturi unaijua, mwanangu: anayefunga lango hupaza sauti, aliye chini ajue kwamba maji yamekwisha.

Sikusikia sauti. Mfereji ulikauka nami nikabaki palepale, maana nilikuwa mbishi kuliko wewe, na hilo si dogo. Jioni baba akanikuta natetemeka kwa baridi. Elinami alikuwa amefunga lango kimyakimya, akadandia lori la tangawizi, akapotelea mjini.

"Nimekuwa mjinga, baba."

"Kungoja si ujinga," akajibu. "Muungwana haondoki bila kuaga."

Mama naye alimngoja. Kila tulipopakua makande alibakiza sahani moja, mpaka siku tulipomzika yeye mwenyewe. Laiti Elinami angesema "sirudi", mama angelia, kisha angepumzika.

Jana ulinipigia simu, shikamoo ya haraka, ukalalamika kwamba programu yako imeganda na unataka kuivunja foleni ya data iliyomo. Usiivunje. Kazi hiyo ya kuandika programu nami niliifanya huko mjini mpaka nikastaafu. Uzi mmoja, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu, huweka data kwenye foleni, mwingine huchukua. Foleni ikiwa tupu, mchukuaji hulala akingoja. Ikijaa, mwekaji naye hungoja nafasi. Subira yavuta heri. Lakini mwekaji wako akimaliza kazi anaondoka kimya, na mchukuaji hana habari. Hajafa, mwanangu. Anangoja tu.

Basi nakuusia: uzi unaoweka, kabla ya kufunga kazi, utie kwenye foleni neno la mwisho, "nimemaliza". Na unaochukua uwekee kikomo cha muda wa kungoja, maana wengine huondoka ghafla wasiwahi kusema.

Nami nina langu. Tangu mama yako atutoke, nyumba hii imekuwa kubwa mno kwangu. Nilikuuliza kama utakuja Krismasi, ukanyamaza. Kama huji, niambie huji. Nitaumia, lakini nitajua.

Mungu akulinde huko uliko, aibariki kazi ya mikono yako, na asikupe kamwe mtu wa kumngoja bila taarifa.