Mama Amekataa Jumamosi

Immaculate Makhanu hufuma sweta za shule kwenye baraza moja nyuma ya soko la Nakuru, na hana subira na mtu anayerudia maneno. Ukimtajia kipimo cha mkono mara mbili atakujibu, "Nimesikia ya kwanza." Alizaliwa kwenye landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa fundi wa mabehewa aliyetoka Bungoma, na katika mstari ule wa nyumba alijua kusalimia kwa lugha tano kabla ya kujua kusoma. Kusalimia tu. Salamu zikiisha, watu wote walirudi kwenye Kiswahili, na Kiswahili cha Nakuru, husema mwenyewe, ni kama githeri ya harambee: kila mtu ametia alichotoka nacho kwake.

Mumewe, Owuor, alifariki binti yao Jackie akiwa darasa la nne. Tangu hapo hakuna amwitaye Immaculate. Ni Mama Jackie kanisani, Mama Jackie kwa walimu wanaoleta kazi, Mama Jackie kwa wanawake wawili anaoketi nao barazani: Wariara, muuza nyuzi na vifungo, na Eucabeth, ambaye hurekebisha zipu.

Jackie alisoma chuo kule Njoro, akarudi nyumbani na Kigen. Ni kijana mrefu wa Rongai, mpole, mwenye duka la dawa za mifugo. Baba yake alifariki zamani, akalelewa na mama yake, Chelimo, akisaidiwa na mjomba aliyekuwa akishuka kutoka Olenguruone kila shule zikifunguliwa. Immaculate alimpenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu alikula bila kubembelezwa na akajiondolea sahani mezani.

Wakapanga siku ya wazee wa Kigen kuja kuzungumza. Immaculate alichagua Jumamosi, akaweka nafasi ya hema na viti, akawaambia ndugu za marehemu mumewe. Ndipo Kigen akapiga simu.

"Mama Jackie, shikamoo. Kuna kashida kidogo. Mama amesema hiyo Jumamosi haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Ana ng'ombe wa kudungwa sindano."

Immaculate alidhani hakusikia vizuri, na kwa mara ya kwanza maishani akamwomba mtu arudie. Ng'ombe. Mwanamke mzima ana mwana anayetaka kuoa, naye anaangalia ng'ombe! Lakini akajikaza, akasogeza siku. Baada ya siku chache simu ikaja tena.

"Mama anasema hata hiyo nyingine hajaikubali. Anasema hakuna mtu wa huko amempigia."

"Si tumekutuma wewe?"

"Ndiyo. Lakini mama ni mtu wa kuambiwa mwenyewe."

Immaculate aliomba namba, akapiga. Chelimo alipokea kwa furaha, akauliza habari za Jackie, za baridi ya Nakuru, za sweta. Alipoulizwa kuhusu ile siku alisema, "Mimi siku yoyote niko sawa, Mama Jackie. Nyinyi pangeni." Immaculate alikata simu damu ikimchemka. Uso kwa uso asali, kisogoni pilipili! Jioni ile Kigen alimwambia Jackie, naye Jackie akamwambia mama yake akiwa anakata kitunguu, bila hata kuinua macho: "Mami, mama bado amekasirika. Anasema watu wa Nakuru wana madharau."

"Mwambie mama huyo," Immaculate akasema, "madharau bado hajayaona."

Wiki iliyofuata Chelimo mwenyewe alitokea barazani. Alikuwa amekuja mjini kununua mbegu, akaona apite amsalimie mkwewe. Alivaa rinda la kanisani na leso kichwani. Alinyoosha mkono. Immaculate hakuinuka kwenye mashine.

"Mama Kigen, wewe kwenye simu ni siku yoyote, halafu nyuma unatuma mtoto kuniambia umekataa. Unasema sisi tuna madharau. Mwenye kiburi hapa ni nani? Kama humtaki binti yangu sema, hema niirudishe!"

Watu waliokuwa wakipita walisimama.  Mkono wa Chelimo ulikuwa bado umenyooka. "Mimi?" akauliza. "Mimi nimekataa nini?" Immaculate akamhesabia yote, ng'ombe, simu, madharau, na kila jambo lilipotajwa yule mwanamke alitikisa kichwa. Mwishowe macho yalimjaa machozi, akageuka akaondoka bila kuaga.

 Wariara alikuwa akipanga vifungo ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Lakini Mama Jackie," akasema polepole, "huyo kijana akisema mama, si anasema mjomba?"

"Mjomba gani?"

"Wakalenjin wakisema mama ni kaka ya mamako. Hata sisi Wakikuyu ni hivyo. Mamako mzazi ni maitu. Mama ni ndugu yake."

"Wariara. Mama ni mama."

"Ni kwenu. Kwetu mama ana ndevu."

Eucabeth akacheka huku akiwa na zipu mdomoni, akaitoa. "Wacha kumsumbua. Kwetu Kisii aliyekuzaa tunamwita baba."

"Baba?" Immaculate akauliza. "Na baba mwenyewe je?"

"Tata."

"Kwetu tata si shangazi?" Wariara akadakia.

"Nyamazeni!" Immaculate alisimama hadi kiti kikaanguka. "Miaka yote tunakula chapati moja hapa. Mnanisikia kila siku nikisema mama yule hivi, mama yule vile, na hakuna hata mmoja anayesema Immaculate, pengine huyo ni mwanaume! Mnaningojea nimtukane mwanamke wa watu mbele ya wauza nyanya!"

"Tulijua unajua," Wariara akasema. "Si ulizaliwa landhi?"

Jackie naye, alipopigiwa simu, alisema neno lilo hilo. "Lakini Mami, nilidhani unajua. Kigen mamake anamwita mathe, kila siku. Mama ni Mzee Chumo, mjomba wake." Kisha Jackie akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani umefanya nini?"

Asubuhi yake Immaculate alifunga mashine, akaenda Rongai. Alimkuta Chelimo uani akigeuza mahindi kwenye turubai. Alikuwa ametunga maneno njia nzima, lakini yalitoka ovyo: neno hili, kumbe lile, Wariara, baba wa Kisii, tata. Chelimo aliendelea kugeuza mahindi mpaka akamaliza upande mmoja.

"Nimeelewa neno," akasema. "Kigen ameshanieleza. Mtoto wangu ana makosa yake, anaongea kama kila mtu alizaliwa kwetu. Lakini neno lilikuwa moja tu, Mama Jackie. Uliposikia kwamba kuna mtu mbaya, ulikuwa tayari kuamini ni mimi. Na tulikuwa tumeongea kwa simu, ukanisikia mwenyewe."

 Immaculate alishika reki ya pili iliyoegemea ukuta, akaanza kugeuza upande uliobaki, na Chelimo hakumkataza.

Walikuwa hapo wakati Mzee Chumo alipofika. Alikuwa ameshuka kutoka Olenguruone, kwa sababu naye alikuwa amechoka kungoja kupigiwa simu. Alikuwa na koti zito, fimbo, na ndevu nyeupe alizozichana. Chelimo alipomwambia mgeni ni nani, alimtazama Immaculate juu hadi chini.

"Kwa hivyo wewe ndiye Mama Jackie."

"Ndiye mimi."

"Mwanamke."

"Tangu nizaliwe, mzee."

Akaketi kwenye kigoda, akavua kofia. Kigen alikuwa akimletea habari kwa Kikalenjin, jina akiliacha la Kiswahili: Mama Jackie ametaka Jumamosi, Mama Jackie amesogeza siku, Mama Jackie anauliza tatizo ni nini. "Mimi nikasema, huyu ni mama kama mimi. Ni mjomba wa msichana. Mbona hanipigii simu tuongee kama wanaume? Anatuma kijana kuniamrisha siku, mara hii, mara ile. Nikasema hawa watu wana madharau."

Immaculate alitaka kucheka, akashindwa, akataka kupiga kelele, akaona aibu. "Sasa umeelewa, mzee. Basi tufanye Jumamosi hii, ileile niliyoichagua kwanza."

"Hapana. Jumamosi hii haiwezekani."

"Kwa nini tena?"

"Si nilisema? Ng'ombe wanadungwa sindano."

Basi kumbe hata hilo lilikuwa kweli. Daktari wa mifugo hupanda Olenguruone kwa nadra, na mzee hakuwa tayari kumkosa kwa sababu ya harusi ya mtu yeyote. Immaculate alishika kiuno. Alikuwa ametafuta mtu wa kulaumiwa siku hizi zote, na hapa mtu mwenyewe alikuwa ameketi akichokoa udongo kwa fimbo, ana haki yake, na bado anaudhi vilevile.

"Lakini kuna jambo lingine," Mzee Chumo akasema. "Huyo mjomba niliyekuwa nikimngojea. Msichana hana?"

"Anaye. Ndugu yangu Situma, yuko Bungoma. Lakini wasemaji wetu ni baba zake wadogo."

"Sisemi aongee. Nauliza, amesemaje kuhusu hii harusi?"

"Hajasema neno."

"Ameulizwa?"

 Situma alibaki shambani wakati baba yao alipochukua wengine kuja mjini, kabla Immaculate hajazaliwa. Walikutana misibani. Jackie alikuwa amemwona labda mara nne, na kwa lugha yao alijua kumwita khocha, yaani mjomba, basi. Haikuwa ugomvi. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba Situma angehitaji kuulizwa kitu.

"Mpigie," mzee akasema. "Mimi siwezi kumwozesha mtoto wangu mahali ambapo mama hajui."

Alipiga palepale, amesimama kando ya turubai. Alieleza harusi, akaeleza kwamba kuna mzee wa Kikalenjin ambaye hatasogea mpaka yeye Situma aseme neno. Upande wa pili kulikuwa na upepo na sauti ya kuku, kisha Situma akauliza, "Mimi?" Ilikuwa namna ileile Chelimo alivyouliza barazani. Alisema atakuja. Alisema mara mbili, na Immaculate hakumwambia kwamba amesikia ya kwanza.

Wageni walikuja mwezi uliofuata, siku mvua iliponyesha tangu asubuhi. Hema ilivuja. Situma alifika amevaa suti iliyomzidi mabega, na Mzee Chumo akamshika mkono, akamketisha karibu yake, wakaanza habari za mbegu za viazi na kupe wa ng'ombe. Wasemaji waliwangoja. Immaculate aliwangoja. Chakula kilianza kupoa.

"Mzee, tuanze," akasema.

"Tunaanza," Mzee Chumo akajibu, akamgeukia Situma tena. Ilibidi Kigen aingilie, akamwita Mzee Chumo "mama" mbele ya watu wote, na shangazi mmoja wa upande wa Owuor akageuka kutafuta ni mwanamke gani anayeitwa. Immaculate alifumba macho. Hakuwa na nguvu za kueleza.

Mazungumzo yakaenda, watu wakala vya baridi, Jackie akalia kidogo, Situma akalia zaidi yake. Mbele ya wageni Immaculate aliomba msamaha kwa yale aliyomfanyia Mama Kigen mjini, na Chelimo alisema tu, "Nimesikia," akaketi.

Jioni mvua ilipopungua, Immaculate alikuwa nyuma ya nyumba na rundo la sufuria, akinung'unika kuhusu hema, kuhusu wazee, kuhusu vijana wanaoongea nusu nusu. Chelimo alitoka jikoni. Hakusema kama ule msamaha ameukubali au ameukataa. Alikunja mikono ya sweta yake, akavuta karai la maji safi, akaanza kusuuza.